Mlingoti, Fito Sita na Fundi Kobelo

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimepima mlingoti mara ya nne tangu asubuhi. Unene wa sentimita saba na nusu chini, pale unaposhikwa na mashua. Fundi Kobelo anataka tisa. Upuuzi. Mlingoti mzito utaipindua mashua yangu ya mita tatu na nusu, na Bwawa la Mindu lina upepo wa ghafla. Tanga ni la Kichina, lenye fito sita za kulikaza, upepo ukizidi mtu analikunja kiasi akiwa ameketi. Tumebishana saa nzima. Amekubali, kwa kununa. Nimefurahi kupita kiasi.

Jumatano, 8 Oktoba
Siwezi kutulia. Makala yangu ya gazetini sijaigusa. Mianzi imefika kutoka Matombo, shambani kwa shangazi yake Kobelo. Kitabu changu cha matanga, cha Kizungu, kinasema fito ziwe na unene wa sentimita mbili na nusu. Nimechagua vipande vya juu, vyepesi, vilivyonyooka. Kobelo anasema nichukue vya chini, vinene kama mpini wa jembe. Nikamuuliza kipimo hicho kimeandikwa wapi.

Alhamisi, 9 Oktoba
Aibu. Karakanani kwake, mbele ya wateja wawili. Mimi Mnyamwezi, yeye Mluguru. Watani, tumetukanana kwa raha miaka kumi na minane. Leo kaanza: "Babu zako walibeba mizigo mpaka utosi ukabonyea. Ndiyo maana namba za kitabu zinatuama humo!" Wateja wakacheka. Nikamwambia yeye ni mjinga asiyesoma, anayeishi kwa kubahatisha. Mtani unaweza kumwita lolote, mradi humaanishi. Nilimaanisha. Akaona. Akaweka randa chini.

"Sawa, mwalimu."

Hajawahi kuniita mwalimu.

Nimeshagombana na wahariri, wakuu wa idara, mashemeji. Rafiki aliyebaki ni huyu.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimelaza ufito juu ya viti viwili, nikauning'inizia ndoo ya maji katikati, kama Kobelo anavyopima mbao. Nusu ndoo tu, ukapasuka. Wa pili vilevile. Nikarudi kwenye kitabu. Kinazungumzia mbao ngumu, nzima. Mianzi yangu ina uwazi ndani, na vipande vya juu vina ganda jembamba kama kadi. Miaka ishirini nawachapa kwa kalamu wataalamu wanaonakili namba za ugenini bila kutazama kilicho mkononi. Leo mtaalamu huyo ni mimi.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimepeleka fito zilizopasuka karakanani. Watu walikuwepo, nilitaka wawepo. Nikasema, "Kobelo, utosi umebonyea kweli. Njoo uushike." Hakucheka. Alitazama mpasuko, akaendelea kupiga randa. Nimerudi kwa miguu chini ya mvua. Nimezunguka uani mpaka mke wangu akauliza kama nachimba handaki.

Jumapili, 12 Oktoba
Kobelo kaja baada ya adhuhuri, mianzi sita minene begani.

"Hodi! Wanyamwezi wote mmekwisha, mpaka Mluguru abebe?"

Nimecheka mpaka nikakohoa. Tumefunga fito tano kwenye tanga. Adhana ya alasiri ikalia, akaenda msikitini. Ufito wa sita ulikuwa mbele yangu, kamba mkononi. Ningeweza kuufunga.

Nikaiweka kamba chini. Nikakaa kumsubiri.