Mti Usio na Mbele

Stafford, 9 Februari 2003

Dada yangu Everline,

Nisamehe kwa kunyamaza tangu Krismasi. Sisi huku hatujambo, isipokuwa macho ya wifi yako Immaculate. Sukari imeyamaliza, sasa haoni hata mwanga wa dirisha. Wewe na mgongo wako mnaendeleaje?

Nimechelewa kushukuru kwa sababu sikujua nashukuru nini. Mti uliotuchongea ni mzito, umepigwa msasa vizuri, na haufanani na kitu chochote. Nimeitafuta mbele yake nikaikosa. Nimeusimamisha, nimeulaza. Wageni wa maombi ya Ijumaa wanautundikia makoti. Uliacha uuguzi uliokulisha ili uchonge hivi? Nieleze upande wa juu ni upi.

Kaka yako,
Absalom

Fort Worth, 23 Februari 2003

Kaka mpendwa,

Salamu nyingi. Habari ya macho ya wifi imenikata maini. Mgongo wangu unalalamika, lakini mikono ni mizima.

Umenichekesha na makoti yako. Nilipoanza kuchonga, wenye maduka ya sanaa hapa waliniomba twiga na Wamaasai. Nikawaambia twiga anajitosha. Mwaka baada ya mwaka nilirudi na kazi zangu garini. Hakuna mwanamke wa kwetu aliyekuwa ameingia pale na kitu kisicho na jina, kwa hiyo hawakujua hata waninyime kwa maneno gani.

Mti huo hauna upande wa juu. Uzungushe. Siku moja nita-drive nije; nikikuta bado unabeba makoti, narudi nao.

Dada yako,
Everline

Stafford, 15 Juni 2003

Dada yangu,

Natumaini mgongo umetulia. Kiswahili kina neno "nitaendesha", lilikuwa likikusubiri.

Jumapili iliyopita nilirudi kutoka kanisani nikamkuta Immaculate sakafuni. Nilidhani ameanguka. Alikuwa ameukumbatia mti wako, makoti yametapakaa kando yake.

"Mama Brandon, umeumia?"

"Nyamaza, utanipoteza."

Viganja vyake vilikuwa vikifuata ule mkunjo unaoingia ndani na kutokea mahali usipoutarajia. Tangu macho yake yazimike hakuwa ameniamrisha jambo lolote. Nikanyamaza.

Alipomaliza, nilifumba macho nikajaribu. Everline, niliogopa. Mkono wangu uliteremka, ukateremka, kisha nikagundua kwamba muda wote ulikuwa ukipanda. Nimefundisha watu maisha yangu yote, na hili sijui nilielezeje. Nimesimama mbele ya mti huo kama mtoto wa darasa la kwanza.

Makoti yameondoka.

Kaka yako,
Absalom

Fort Worth, 7 Septemba 2003

Kaka mpendwa,

Wifi anaendeleaje? Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya patasi zangu, kana kwamba zina masikio.

Sasa nina habari. Jumba moja la makumbusho la Dallas linataka kazi yangu moja ikae humo daima. Waliangalia picha za kazi zangu zote, wakachagua mti wenu. Nyingine hawazitaki. Hili ndilo nililolingojea tangu nilipoacha uuguzi. Lakini wataweka kamba, na hakuna atakayeugusa. Hata mimi nitahitaji glavu.

Niliwapa, ni wenu. Siombi wala sikatazi. Wanataka jibu kabla ya mwaka kwisha.

Dada yako,
Everline

Stafford, 16 Novemba 2003

Dada yangu,

Natumaini u mzima. Immaculate anakusalimu kwa mikono yote miwili. Ndivyo alivyosema niandike.

Nilikuandikia "ndiyo" siku ile ile barua yako ilipofika, nikafunga bahasha. Dada yangu kuingia mahali kama hapo ni jambo ambalo baba yetu asingalisadiki. Kisha nikamweleza Immaculate. Akauliza, "Na mikono je?" Nikamwambia kuna kamba. Akarudi sakafuni, akaukumbatia mti. Bahasha nikaichana.

Mambo ya nyumba hii nimekuwa nikiyaamua mimi. Hili nimemwachia yeye. Kila siku baada ya chai huketi sakafuni na kuanza pale pale alipoishia jana yake. Nilimuuliza kama ameamua, akanicheka.

"Mwalimu, wewe ulikuwa ukitoa mtihani kabla somo halijaisha? Bado sijafika mwisho wake."

Nikavua miwani, nikaketi karibu naye, nikaweka mkono wangu nyuma ya wake.

Akishaamua, nitakuandikia.

Kaka yako,
Absalom