Mimi Nilishapona

Kaindi dadangu,

Mko aje huko nyumbani? Huku Ngara tuko tu. Jirani yangu Mabruka anafuga jogoo jikoni, ghorofa ya tatu, hatulali.

Ile korona yangu iliisha, nikarudi kazi ya nyumba kwa madam wangu, Lavington. Sasa mama mkwe wake ameshikwa nayo, na mwenye anaingia kwa chumba yake ni mimi peke yangu. Madam anasimama mbali, amevaa maski: "Ingia tu Annah, wewe ulishapona, haikushiki tena."

"Nani alikuambia?"

Akacheka, akanisukumia trei na mguu.

Huyo mama ni mzuri, ananipea umbea yote ya madam, tunacheka mpaka tunakohoa. Lakini nachoka, Kaindi. Ngazi ya hapa kwetu napanda nikikaa chini kupumzika. Na tangu juzi chai haina ladha, hata niweke tangawizi aje.

Mwambie msichana wangu Ndanu asikuje likizo hii. Sema nimepata wageni. Ningempigia simu mwenyewe, lakini atasikia vile napumua.

Salimia shemeji, mwambie aoge.

Ni mimi dadako,
Annah