Nguzo Zilizoota Mbele ya Mgahawa

Jumatatu, 4 Novemba

Nimewasha moto, nimeloweka maharage, nimefagia. Halafu nimeudhika. Kasulu nzima wanaisimulia vibaya habari yangu. Eti nilimkimbiza afisa wa mipango miji na panga. Panga lilikuwa mkononi, kweli, nilikuwa namenya muhogo! Nani anamenya muhogo kwa kijiko? Hakuna aliyekimbia. Alipima kiwanja, nikampa chai, akanywa vikombe viwili, ndipo akazipaka nguzo zangu X nyekundu. Naandika iwe sawa. Kisomo cha watu wazima sikumaliza, ila mkono unatosha.

Kosa langu? Mchoro wa kibali unasema uzio wa nguzo mbele ya mgahawa. Nguzo kavu, basi. Mimi nikachomeka nguzo mbichi za mti wa mvumu. Mvua ikaja, zikatoa majani. Sasa afisa anasema huo si uzio, ni bustani, na bustani haimo kwenye mchoro. Nimebadilisha kiwanja bila kuomba.

Jamani! Watu wananunua miche, wanaibembeleza, inakufa. Mimi nachomeka fimbo, unatoka msitu. Mkono gani huu!

Jumatano, 6 Novemba

X zimeleta wateja. Wanakuja kuzishangaa, njaa inawakamata. Samaki wangu wa mgebuka wameisha kabla ya adhuhuri. Fundi baiskeli, jirani yangu, ananiita Mzee X. Nimemwambia afadhali X kuliko jina alilopewa na mama yake.

Barua imefika. Kamati ya mipango miji inakuja yenyewe Jumatatu kuona kiwanja. Ikikataa, nguzo zote zing'olewe, viti vya nje viondoke. Nguzo thelathini na moja. Nimecheka mbele ya tarishi. Hakikuwa kicheko kizuri.

Alhamisi, 7 Novemba

Adela, mke wangu, tangu barua ije anapita anazigusa nguzo moja moja. Nguzo zimetoka kwao, Kitahana, huko Kibondo. Zilikuwa uzio wa baba yake. Mzee alipofariki, kaka zake wakauvunja wajenge wa tofali. Adela akaomba matawi tu. Tukayakata wawili, tukayapakia kwenye lori la mahindi. Mimi nikakaa juu ya mzigo, Kibondo mpaka Kasulu, nimeyakumbatia kama bibi harusi. Dereva anasema hajawahi kuona mzee anapenda kuni namna ile.

Zikitoka hizi, kwao kumekwisha. Hilo halimo kwenye barua.

Jumamosi, 9 Novemba

Afisa amerudi na futi yake. Mtu wa Tanga. Tope la huku halimjui, limemvua kiatu. Nikamwambia, "Usikivute, mwanangu, na chenyewe kinaota." Amecheka mpaka futi ikamponyoka. Si mtu mbaya. Anafanya kazi yake.

Jioni wateja wakanipa ushauri bure. Huku kwetu kila mtu anajua: nguzo ukitaka ife, unaichomeka kichwa chini. Ukitaka iishi, kichwa juu. Fundi baiskeli akasema, "Babu, waambie ulichomeka kichwa chini, zikaota zenyewe. Kazi ya Mungu. Mungu wanamwandikia barua?" Nimeupenda ushauri huo. Umekaa vizuri mdomoni.

Adela alikuwa anafuta meza. Akaacha meza nusu, akaingia ndani.

Jumapili, 10 Novemba

Sijala. Naogopa. Nimekata kucha.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimeshinda! Mzee mzima, bila wakili, nimeshinda!

Wamekuja watu sita na afisa wao. Wamezunguka, wameinama, wamenong'onezana. Mmoja anasema miti inaziba kona, madereva hawaoni. Mwingine anasema akikubaliwa huyu, kesho kila mtu atapanda anachotaka.

Halafu mama diwani mmoja, mtu mzima wa hukuhuku, akashika gome, akakwangua kwa ukucha. Akanigeukia. "Mwakeye," akanisalimia kwa Kiha, kama mtu wa nyumbani. Nikaitikia. Akauliza, "Mzee, hizi ulichomeka kichwa juu au kichwa chini?"

 

Nikavua kofia. Nikasimama kama mlingoti wa bendera. Nikasema, "Kichwa juu, mama. Kwa makusudi. Ni uzio wa mkwe wangu. Nilitaka uendelee kuishi. Kosa ni kutoomba. Naomba sasa."

Mama diwani akawaambia wenzake, "Mimi nimezaliwa ndani ya uzio kama huu. Kichwa chini hauoti hata ukiulilia. Mtu akisema kweli mnapata pa kuanzia." Wakaongea kidogo. Wamekubali. Mchoro uchorwe upya, nguzo tatu za kona zirudi nyuma hatua nne, viti vibaki. Nani mwingine Kasulu amewahi kuletewa kamati nzima mlangoni na ikaondoka inacheka? Nimewapa muhogo wa kuchemsha. Hawakubakiza hata mzizi.

Ijumaa, 15 Novemba

Mchoro mpya umefika. Kila mti una duara lake. Nimehesabu mara mbili: thelathini na moja. Nimeutundika juu ya kaunta, anayeagiza chai lazima autazame kwanza. Za kona tumezihamisha kwa mikono yetu. Moja imenyauka kidogo, inajidekeza. X tumezisugua kwa mafuta ya taa.

Jumapili, 17 Novemba

Mvua mchana kutwa. Wateja wawili tu. Nimesoma nilivyoandika nyuma. Yote ni kweli, hata la lori. Moja si kweli.

Jibu lile si langu. Kofia nilivua, hapo sawa. Ila nilisema, "Kichwa chini, mama." Kwa sauti ya kuku. Mama diwani akageuka aondoke. Ndipo Adela akatoka jikoni, mikono myeupe kwa unga wa muhogo, akayasema yale maneno. Mimi nimebadilisha kidogo tu. Yeye alisema "baba yangu".

Sifuti. Nimeandika kwa peni.

Sasa hivi amekaa mlangoni, anachambua maharage, anaitazama miti inavyonyeshewa. Nimemwambia asante. Ameuliza, "Ya nini, baba?"

Nimesema ya maharage.