Jina Ambalo Mkwe Haandiki

Jumatatu, 3 Machi
Nimerudi kutoka darasa la kompyuta Mbarara, vumbi hadi kwenye nyusi. Leo lebo za meta. Ni maneno ya kichwani mwa ukurasa wa mtandao. Mengi msomaji hayaoni, ila mashine ya kutafutia inayasoma, inajua ukurasa unahusu nini. Mwalimu anafundisha kama anayekimbizwa na nyuki. Nimeelewa hivyo hivyo. Zoezi: kila mtu atengeneze ukurasa wake.

Jumanne, 4 Machi
Mgeni mmoja wa Kabazana, upande mwingine wa kambi yetu ya wakimbizi Nakivale, kaja kumwona mama mkwe. Kampala alikutana na Murhula, mdogo wake mama, fundi viatu. Walipotezana tangu vita. Namba ya simu hakuchukua, jamani! Anasema kila Jumapili Murhula huandika jina la dada yake kwenye simu, hapati kitu. Mwisho wa mwezi Murhula anarudi Kongo.
Mama mkwe hakula. Nimeamua: ukurasa wangu utakuwa wake.

Alhamisi, 6 Machi
Ukurasa uko hewani. Picha ya mama, kijiji chake kule Walungu, Kongo, namba yangu. Kichwa: "Mama Bahati, Nakivale". Umependeza. Najisifu, nani atanisifu?

Jumatano, 12 Machi
Nautafuta, haupo. Kumbe niliacha lebo ya mazoezi, ile inayoiambia mashine isiuorodheshe ukurasa. Nimemfungia Murhula mlango kwa mkono wangu mwenyewe. Mjinga mimi. Nimeifuta, sikumwambia mtu.

Jumanne, 18 Machi
Sasa unaonekana, katikati ya kina Mama Bahati wengi, wapika keki, waimba kwaya. Mwalimu kauliza: huyo ndugu anaandika jina gani?
Murhula hamjui Mama Bahati yeyote. Walitengana mama akiwa msichana. Anaandika jina la kuzaliwa, na hilo sikuliweka fasi yoyote. Kwetu mke hatamki jina la mama mkwe, wala haliandiki. Miaka tisa halijapita mdomoni mwangu. Hata fomu za mgao wa chakula hujaza jirani. Mume wangu Bahati angekuwa hai, angeliandika yeye.
Nilipomweleza, mwalimu akacheka, eti kompyuta haina mkwe. Nimekasirika njia nzima. Amesema kweli, ndiyo maana.

Alhamisi, 20 Machi
Sijaandika. Naweza kumwomba mwalimu aandike, lakini lazima nimtajie. Ni yale yale. Naogopa. Siogopi laana, naogopa uso wa mama.

Ijumaa, 21 Machi
Nimemwambia mama tukichambua maharage. Nilisema nikiangalia chini. Alichambua hadi sinia ikaisha. Kisha: "Andika, binti yangu. Bote baliniitaka ile jina balikufa. Anabaki Murhula." Yaani wote waliomwita hivyo wamekufa, kabaki mdogo wake tu.
Nimeandika. Kwenye kichwa, kwenye maelezo, na chini ya picha: Nabintu wa Walungu, dada ya Murhula, yuko Nakivale. Nililia kidogo, bila sababu ya maana.

Jumatano, 26 Machi
Bado mashine inaonyesha kichwa cha zamani. Mwalimu anasema inarudi kusoma inapotaka. Mama haulizi. Afadhali angeuliza.

Ijumaa, 28 Machi
Jina limetokea. La kwanza kabisa! Nilipiga kelele darasani, wakanishangaa. Imebaki Jumapili moja. Kama ameshapanda basi, basi tena.

Jumapili, 30 Machi
Mvua asubuhi. Tumerudi kanisani tumelowa. Simu ikalia, namba nisiyoijua. Sauti ya mwanaume, hata salamu hakuna: "Nabintu iko?"
Nikasema yuko. Nikampa mama simu.
Hakusema halo. Aliitika tu, kwa sauti nyembamba, ya msichana aliyeitwa kutoka shambani. Miaka tisa naishi na huyu mama, sauti hiyo sijawahi kuisikia.
Nikatoka nje, nikafunga mlango taratibu. Kulikuwa na nguo za kuanua.