Urefu Aliouomba Dada Futi

Tarehe 3 Machi

Kwa Dada yangu mpenzi,

Hujambo, Dada? Watoto hawajambo? Na shemeji yangu, bado anabishana na redio? Sisi huku tu wazima, isipokuwa goti langu, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko watabiri wenyewe. Uzee hauna adabu.

Najua nimekaa kimya mno. Usininunie. Tangu waliponikabidhi ukuu wa kikosi nashinda mezani nikitia sahihi mambo ambayo nusu yake sijayasoma. Ila leo nakuandikia jambo la furaha. Kikosi chetu cha kubeba majeruhi kwa ndege kinatimiza miaka thelathini na mitano mwezi wa sita, na nimepewa kazi ya kuandika historia yake. Fikiria, mimi niliyekuwa nikikuomba unisahihishie barua za uchumba.

Vijana wa sasa wana ndege yenye vitanda na mashine ya kumpumulia mgonjwa. Hawaamini nikiwaambia tulianza na ndege ya mizigo, na kwamba tulifagia vumbi la saruji kwanza ndipo tukalaza watu. Wewe ulikuwepo tangu siku ya kwanza. Mimi nilikuja baadaye, mbeba machela asiyejua hata kufunga mkanda, ukanifunza kazi na ukanilisha nyumbani kwako. Niandikie unayokumbuka, hasa vichekesho.

Ile safari mbaya nitaigusa kidogo tu, kwa upole. Usiwe na wasiwasi.

Waambie wapwa zangu kwamba Mjomba anawakumbuka.

Mdogo wako,
Kibiriti


Tarehe 19 Machi

Mdogo wangu Kibiriti,

Sijambo, shemeji yako hajambo, na redio imeshinda kesi. Binti yangu wa mwisho ndiye aliyenisomea barua yako. Alipofika penye barua za uchumba akataka kujua kama zilifaulu. Nikamwambia amuulize mkeo.

Nilikununia, sitaficha. Kisha nikaona mwandiko wako juu ya bahasha, nikawa nimekusamehe hata sijaifungua. Ndiyo ubaya wa kuwa na ndugu.

Haya, andika. Ndege yetu ya kwanza tuliiita Mama Mkwe, kwa kuwa ilianza kulalamika kabla ya kuruka na haikunyamaza hata ilipotua. Machela tulizifunga kwa kamba za mizigo. Aliyeumia zaidi tulimpakia mwisho ili awe wa kwanza kushuka. Mwanzoni tulifanya kinyume, ikabidi tuwaruke wenzake tukitua, huku wakitutazama. Hatukuwa na mwalimu. Tulifunzwa na makosa, na walioyalipia ni watu waliolala chali.

Andika pia kwa nini mliniita Dada Futi. Mgonjwa mwenye hewa iliyonaswa kifuani, ndege ikipanda juu, ile hewa inavimba na kulibana pafu mpaka anashindwa kuvuta pumzi. Kwa hiyo kila safari nilimuuliza rubani, "Futi ngapi?" Mwisho marubani wakawa wananijibu hata sijafungua mdomo.

Na hapo ndipo lilipo ombi langu, moja tu. Ile safari mbaya usiiguse kwa upole. Iguse kwa ukweli. Yule kijana wa risasi ya kifua, nilimwambia rubani asipande. Nilisema, ndugu yangu. Rubani akaliambia baraza la uchunguzi kwamba hakuambiwa kitu, mimi sikuwa na shahidi, wakanivua sare. Wewe sikulaumu na sijawahi kukulaumu. Hedifoni zako zilikufa tangu tunaruka, na kwa kelele za Mama Mkwe ungesikia nini bila hizo? Nimemweleza hivyo kila aliyeniuliza. Siku shemeji yako alipokutilia shaka, nilihamia chumba cha watoto mpaka akaomba radhi.

Lakini mama wa yule kijana anaishi mtaa wa pili kutoka kwangu. Presha inamsumbua. Akija zahanati ninakouguza siku hizi akanikuta mimi ndiye niliye zamuni, anageuka na kurudi na presha yake nyumbani. Anaamini nilimuua mwanawe kwa uzembe. Kusemwa nimeshazoea, ila kumwona mgonjwa anaukimbia mkono wangu, hilo halizoeleki. Andika tu kwamba muuguzi alisema. Ukurasa huo nitampelekea mwenyewe.

Dada yako


Tarehe 2 Aprili

Dada yangu,

Hamjambo nyote? Goti linakusalimu. Barua yako imefika na imetuchekesha ofisi nzima. Mama Mkwe! Nilikuwa nimemsahau kabisa. Katibu wangu amecheka mpaka chai ikampalia.

Dada Futi umepewa kurasa mbili nzima. Lile ombi nimelisikia. Tutaona namna ya kuliweka, maana kitabu kitapitiwa na wakubwa, na wakubwa unawajua.

Nami nikupe langu. Unamkumbuka rubani wetu mrefu, Mungu amrehemu, na mdomo wake? Kuna siku tulimbeba afande mmoja mzito, alikuwa ameomba lifti tu. Kila upepo ukiirusha ndege, yeye anatapika ndani ya kofia yake. Rubani akasema kwenye hedifoni, kwa upole kabisa, "Mwambieni afande kofia ni mali ya jeshi, airudishe stoo ikiwa safi." Nilicheka mpaka dripu ikanitoka mkononi. Kisa hiki lazima kiingie kitabuni. Jina la afande sitalitaja, maana sasa ni mstaafu mwenye heshima zake, tena ndiye mgeni rasmi wa sherehe.

Leta vingine, Dada. Mkono wako mtamu.

Mdogo wako,
Kibiriti


Tarehe 11 Aprili

Kibiriti,

Natumaini u mzima. Sisi tu wazima.

Barua yako nimeisoma jikoni, nimesimama, nikaisoma tena. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yako ilikuwa ndefu, imekufikisha mpaka ukuu wa kikosi, lakini imeishia jikoni kwangu.

Afande huyo tulimbeba mara moja tu. Ni safari ile. Mimi nilisema kwenye hedifoni, "Usipande, kuna kifua hapa, baki futi elfu tatu." Neno lililofuata masikioni mwetu ndilo hilo la kofia. Rubani alitania, kisha akaipandisha ndege juu ya mawingu, kwenye hewa tulivu, ili afande aache kutapika. Ukisikia la kofia, umesikia na langu. Na afande hakuwa na hedifoni, kwa hiyo waliosikia ni watatu, na mmoja wao ni wewe.

Ulicheka mpaka dripu ikakutoka mkononi. Dripu ya nani, Kibiriti?

Nilifungua mkanda nikaenda mbele kumshika rubani bega. Wewe ukabaki kichwani pa kijana. Niliporudi alikuwa amekwisha. Kisha mbele ya baraza ukasema hedifoni zako zilikuwa mbovu tangu mwanzo, nami nikakuhurumia. Siku niliporudisha sare ulilia begani kwangu. Mimi ndiye niliyevuliwa, na mimi ndiye niliyekubembeleza.

Umekula kwangu. Watoto wangu wanakuita Mjomba. Kikulacho ki nguoni mwako, nimelisikia tangu utoto nikidhani ni habari za chawa.

Nina hasira, na inaniuma kuliko siku walipochukua sare. Wale walikuwa wakubwa, sikuwatarajia mema. Wewe nilikutarajia.

Cheo sitaki, wala sare siitaki. Njoo umwambie yule mama kwa mdomo wako kwamba nilisema na ulisikia. Njoo kabla ya sherehe. Nitakupeleka mpaka mlangoni kwake.

Dada yako


Tarehe 28 Mei

Kwa Dada yangu mpendwa, ninayekuheshimu daima,

Pokea salamu zangu nyingi, pamoja na za mke wangu na za kikosi kizima. Shemeji hajambo? Wapwa zangu wanaendeleaje na masomo? Mimi afya si mbaya, ila usingizi umenipotea kidogo. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Niliianza barua hii nikaiacha, nikaianza tena.

Sitabisha. Nilisikia. Nilikuwa kijana, Dada. Siku moja kabla ya baraza yule afande wa kofia aliniita ofisini, akaniuliza kama hedifoni zangu zilikuwa nzima. Nikasema nzima, afande. Akaniuliza tena, polepole, huku ananitazama. Nikaelewa. Baraza lilipokwisha nikapelekwa kozi, na tangu hapo sikurudi nyuma. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Najua ungefanyaje, usinijibu.

Kitabu kimeshachapwa. Kuna sehemu itakuuma, heri uisikie kwangu. Humo imeandikwa kwamba kanuni ya sasa, muuguzi kuandika urefu wa kuruka anaoutaka na rubani kuutilia sahihi kabla ya kuruka, ilitokana na uzembe wa muuguzi mmoja. Kanuni hiyo imeokoa watu wengi sana, ilibidi ielezwe ilikotoka. Lakini jina lako halimo. Wakubwa walilitaka, nikakataa katakata. Hata zile kurasa mbili za Dada Futi nimeziondoa, watu wasije wakaunganisha. Nimekulinda.

Kumwendea yule mama siwezi. Nikisema leo nitaanguka, nitamwangusha na mgeni rasmi, na vijana hawa hawatamwamini tena mtu. Fikiria na upande wangu. Wewe, Dada, umeshazoea. Mimi nitakuwa ndiyo kwanza naanza.

Nimekutengea kiti mstari wa mbele. Kadi imo humu. Haina jina, na mlangoni hawatauliza maswali, wanaangalia kadi tu. Njoo ukae nasi, tuyamalize kindugu.

Mdogo wako


Tarehe 10 Juni

Kibiriti,

Hali yako sitaiuliza leo.

Nimekwenda kwa mama wa kijana peke yangu. Alifungua mlango lakini hakunikaribisha. Nikamsomea barua zako pale pale kizingitini, ya kofia kwanza, halafu ya kiti. Alisikiliza mpaka mwisho, ameshika komeo. Kisha akasema, "Kwa hiyo ulisema." Nikamjibu kwamba nilisema. Akauliza, "Mbona hukuja kuniambia miaka yote hii?" Nikamwambia sikuwa na shahidi, nilidhani shahidi wangu hakusikia. Akafikiri, akasema, "Ingia basi. Usisimame mlangoni kama mtu aliyekuja kudai kodi."

Mimi ndiye niliyelia. Yeye hakulia. Alinitilia maji, akaniacha nimalize.

Umeandika kwamba nimeshazoea. Ni kweli, na nitakwambia nilizoeaje. Nilidhani tumeonewa sote wawili, wewe na mimi, na mzigo wa wawili haulemei sana. Kumbe nilikuwa naubeba peke yangu, nawe umekaa juu yake. Shemeji yako aliliona hilo zamani, na jana nimemwomba radhi kwa kumkasirikia. Watoto nimewaambia pia. Neno Mjomba usilitafute tena kwetu.

Sikushitaki popote. Wakubwa wako wamekwisha kunionyesha wanavyosikiliza.

Ila yule mama aliniuliza jambo ambalo sikuweza kumjibu. Jeshi lilimwambia mwanawe alikufa usingizini. Anataka kujua kama ni kweli, au kama alisema kitu, na kama alimwita mtu. Nikamwambia nilikuwa mbele nimemshika rubani bega. Aliyekuwa kichwani pa kijana, aliyekuwa karibu na mdomo wake mpaka mwisho, ni wewe.

Kiti chako tumekipokea kwa shukrani. Kadi nimempa yeye. Atakaa mstari wa mbele na mgeni rasmi, na ukimaliza hotuba yako atasimama akuulize hilo swali moja.

Masikio yako ni mazima. Mjibu.

Aliyekuwa dada yako