Shikamoo Iliyonishusha Cheo

Jumapili, Black Rock

Bado nacheka peke yangu. Nimeshushwa cheo kwa sababu ya adabu!

Ni ule mchezo wa kuigiza samurai, wale wapiganaji wa Kijapani wa zamani, tunaoucheza kwa simu baada ya ibada. Otieno, aliyeko mji mwingine, Columbus, ndiye msimulizi na ndiye mwamuzi. Samurai wangu alikuwa na cheo cha tatu, jina kubwa, na magunia hamsini ya mchele kila mwaka. Tukaingia kijijini, akatokea bibi kizee, mkulima. Mimi niliyekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, ambako kila mzee huamkiwa, neno likaniponyoka: "Shikamoo, bibi."

"Ai! Samurai unaamkiaje mkulima?" Otieno akapiga kelele. "Umejidhalilisha mbele ya watu. Cheo kimeenda, jina limeenda, mchele umeenda!"

Nikabisha, mzee ni mzee. Akakataa katakata. Na Jumapili ijayo, humo mchezoni, samurai wetu wanaitwa kwa bwana mkubwa wao. Bila cheo sijui kama nitapita hata getini.

Kumbe mama alikuwa anasikia yote kutoka jikoni. Akaja, akainamia simu.

"Otieno, huyo bibi ameamkiwa. Mbona haitikii?"

Halafu Otieno, kwa sauti nyembamba ya yule bibi kizee:

"Marahaba, mjukuu wangu."