Inchi Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Mdogo wangu amevunja ungo. Leo, saa saba mchana, tumetoka shule tu. Ana miaka kumi na miwili! Mimi nina kumi na minne na miezi mitano, na sijaona hata dalili.

Mama aliacha cherehani katikati ya mshono — mama, ambaye haachi cherehani hata mvua ikiingia ndani — akamshika mkono, wakaingia chumbani, pazia likavutwa. Nikasogea. Nikaambiwa nisubiri nje, haya mambo kwangu bado. Nikakaa kwenye benchi la wateja na kopo la vifungo mapajani. Humo ndani wakacheka, kisha wakanong'ona, kisha kimya.

Walipotoka mama alikuwa amemshika bega. Mimi sikumbuki nimeshikwa bega lini.

Jumatano, 6 Machi

Sindano. Hilo ndilo jina mama alilompa mdogo wangu utotoni, maana alikuwa mwembamba, akigeuka ubavu humwoni. Leo mteja wa mapazia kamtazama, akasema Sindano gani huyu, mbona dada mtu ndiye sindano. Mama akacheka. Nami nikacheka, juu juu tu.

Nina roho ya kwa nini. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma. Kimo amenifikia. Sweta anavaa na jua hili, ili watu waulize! Begi la shule siku hizi analivaa mbele. Maringo. Na chakula anabakisha, eti ameshiba. Namalizia mimi, huenda kikanijaza.

Jumamosi, 9 Machi

Siku ya vipimo vya kwaya. Wasichana kumi na wanane, magauni ya rangi ya damu ya mzee, mashindano ni tarehe 17. Kazi yangu ni ile ile: mama anapima na kutaja, mimi naandika kwenye daftari. Akikata anafuata nilichoandika. Anasema anauamini mkono wangu kuliko kichwa chake.

Mimi na Sindano tulikuwa wa mwisho. Mimi kifua ishirini na nane. Nikafunua ukurasa wa mwaka jana — ishirini na nane. Mwaka mzima wa kula! Sindano alijikunja, mama akamwambia asimame wima. Thelathini na mbili.

Nikaandika ishirini na tisa.

Sijui nilipatwa na nini. Hapana, najua. Yangu nikaiandika thelathini na moja. Nilichompunguza yeye nikajiongezea mimi. Inchi tatu.

Jumapili, 10 Machi

Nimempa Sindano sabuni yangu ya kunukia. Amefurahi. Sina la zaidi leo.

Alhamisi, 14 Machi

Mama amemaliza kukata. Alipofika kwa Sindano mimi ndiye niliyeshika upande wa pili wa kitambaa. Akasita. Akauliza hii ishirini na tisa ndiyo yenyewe? Nikasema ndivyo ulivyotaja. Akapitisha mkasi.

Kitambaa kimeisha. Yamebaki mabaki ya mikanda.

Jumamosi, 16 Machi

Asubuhi tumejaribisha. Langu limenipwaya. Mama akasema usijali mwanangu, utalijaza. La Sindano zipu iligoma katikati ya mgongo. Mama akafumua ubavu, akiba ya inchi moja ikaisha, bado halifungi.

Nikangoja kufurahi. Furaha haikuja.

Sindano hakupiga kelele. Alikaa chini nyuma ya meza ya kukatia, akalia kimya kimya. Akasema, "Mama, nimeongezeka tena. Wiki moja tu. Nifanyeje niishie hapa hapa?" Akasema darasani wanamtazama yeye tu. Kumbe ndiyo sababu ya sweta. Ndiyo sababu ya begi. Na tangu Jumatatu ile anaacha nusu ya chakula ili apungue — hicho nilichokuwa namalizia mimi! Kesho haendi kuimba, amesema.

Mama akakaa naye palepale juu ya mabaki ya vitambaa, akamlaza kichwa mapajani. Akasema kosa ni lake, macho yake hayaioni tepu vizuri siku hizi, labda aachane na kazi za kupima watu, abaki na mapazia. Mama na vipimo! Ningeweza kusema pale pale. Lakini niliutazama ule mkono wake juu ya kichwa cha Sindano na roho ikaniuma upya. Naandika ukweli. Iliniuma.

Kisha mama akapata wazo. Tubadilishane. Mama akaurudisha ubavu kwa pini, nikavaa la Sindano. Likanikaa vizuri kuliko gauni lolote nililowahi kushonewa. Sindano akavaa langu — mama akaachia akiba ya gauni hilo, nayo inchi moja, ubavuni, zipu ikapanda mpaka shingoni.

Sindano akafuta machozi. Mama alinitazama mimi, akamtazama yeye, akalifuata daftari rafuni. Akapitisha kidole kwenye namba zetu mbili za mwisho. Kisha akasema tutapimwa upya, wote wawili, sasa hivi, na leo ataandika yeye. Nilete kalamu.

Nimekuja chumbani kuichukua. Ndiyo hii ninayoandikia. Mama ameshaita mara mbili.

Sindano mwanzoni alikataa. Alisema hataki kuguswa tena na tepu. Halafu akasema, "Sawa, lakini anipime dada, dada peke yake, yeye hatanicheka." Namwona kupitia ufa wa pazia. Tepu ameitundika shingoni, tayari. Mama amekaa, daftari limefunuliwa ukurasa ule.

Mikono Sindano ameshainyanyua. Ananingoja.